Karani wa Vikombe vya Bibi Mwanaesha

Kazi niliianza Jumanne ya kwanza baada ya Idi ndogo, saa nne na robo asubuhi, katika chumba cha daktari hapa Kismayu. Nimestaafu juzi Alhamisi. Nina miaka kumi na saba. Najua watu hustaafu wakiwa na mvi na kitambi, lakini mwenye mvi hakutokea aliyeitaka kazi hii, na wenye vitambi walikuwa na shughuli zao.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu, wa nyumba yetu na wa nyumba ya Ami Bakari, kwa sababu jamaa kubwa kama yetu haikosi mgonjwa, na siku moja mmoja wenu atapewa daftari. Habari za mshahara na vyeo sitazitia humu. Mshahara haukuwapo. Cheo nilichopanda ni kutoka kwenye mkeka hadi kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi.

Siku hiyo ya kwanza tuliingia kwa daktari watu wanne. Bibi Mwanaesha, mamake baba yangu, ndiye mgonjwa. Alikuwapo Mama. Alikuwapo Bibi Halima, mdogo wake Bibi tumbo moja, aliyefika na boti kutoka kisiwa cha Chovai. Na nilikuwapo mimi, nyuma ya buibui la Mama, mahali ninapopapenda kuliko pote duniani. Bibi alikuwa amepasuliwa Nairobi, akatolewa uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana. Kilichobaki ni vidonge vya kuua mabaki ya saratani ambayo kisu hakiyaoni. Mizunguko minane: wiki mbili vidonge asubuhi na jioni, wiki moja kupumzika, damu ipimwe, kisha tena. Aliyempasua alituambia wazi kwamba vidonge hivyo ndivyo vinavyopunguza nafasi ya ugonjwa kurudi, na kwamba anayeacha njiani anaacha mlango wazi.

Daktari wetu wa hapa, Daktari Hodan, ni Msomali, mwembamba, anazungumza upesi kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Akauliza, "Nani nyumbani kwenu anasoma na kuandika vizuri?"

Mama akasogea kando. Basi nikaonekana.

Kazi ilikuwa mbili kwa moja. Kwanza, kuandika kila kidonge na kila kilichompata Bibi baada yake. Pili, kufasiri. Bibi kazaliwa kisiwani Chula, na Kisomali chake ni cha sokoni: anaweza kununua mbuzi na kumtukana aliyemuuza, lakini habari za ini na damu hakujifunza huko. Mimi ni mtu ambaye mwalimu akiniuliza jina langu hujibu jirani yangu. Sasa nikawa mdomo wa Bibi. Nyumbani walicheka siku nzima.

Vifaa nilivyopewa vilikuwa hivi, na mvitunze. Kipimajoto kimoja, ambacho Bibi alikiita fimbo. Glovu boksi moja, maana vidonge vile havishikwi kwa mkono mtupu, na havivunjwi, hata kama mgonjwa ni bibi yako na anakukazia macho. Saa ya ukutani ya Ami Bakari, inayotangulia dakika saba. Na daftari langu la Kemia la kidato cha pili, lililobaki kurasa nyingi nyeupe kwa sababu mwalimu wa Kemia aliondoka kabla hatujafika kwenye asidi.

Aliyenifundisha kazi ni Daktari Hodan mwenyewe, mlangoni, akivaa glovu. Kidonge humezwa baada ya chakula, isipite nusu saa, kwa maji. Kila asubuhi tazama viganja na nyayo kama zimekuwa nyekundu au zinawaka. Tazama mdomo kama una vidonda. Akipata homa msikae kungoja kuche wala kuchwe, mleteni. Hesabu ameenda choo mara ngapi. Kisha akasoma ukurasa wangu wa kwanza, ambapo nilikuwa nimeandika kwa mwandiko mzuri: *Bibi hajambo.*

"Hajambo si kipimo," akasema. "Kila mgonjwa wa pwani hajambo. Niliwahi kuletewa aliyekuwa hajambo mpaka amezimia. Andika ulichokiona."

Hilo nalirithisha kwenu kama lilivyo. Hajambo si kipimo.

La choo lilinipa taabu. Kila asubuhi nilisimama mlangoni kwa Bibi nikiuliza chini kwa chini, na Bibi ana sauti ya kumwita mtu aliye kisiwa cha pili. "Mara nne!" atajibu. "Ya nne ilikuwa nyepesi!" Wauza maziwa wanaopita uchochoroni walijua maendeleo ya Bibi kabla ya daktari.

Vikombe vilianza siku ya pili.

Nyinyi mmezaliwa ndani ya desturi hii, kwa hiyo hamwioni, kama samaki asivyoyaona maji. Kwetu haendi mtu kumtazama mgonjwa mikono mitupu, na matunda huletwa na watu wasiokujua vizuri. Jamaa wa kweli huleta kikombe: kitu alichokitwanga, alichokichemsha au alichokiloweka mwenyewe tangu jana, akakifunika kwa kitambaa, akakibeba kama yai. Mgonjwa hukinywa papo hapo, mbele ya aliyekileta, mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo, akasema, "Mngu akulipe." Kikombe kikibaki nusu, habari itafika Chula kabla ya magharibi. Mgeni hakuja kuona kama umepata nafuu. Amekuja kuona kitako cha kikombe.

Basi Bibi akanywa. Habasoda na asali kutoka kwa jirani. Mlonge kutoka kwa mke wa imamu. Kitunguu thomu kilicholala kwenye ndimu. Tangawizi, majani ya mwarobaini, mchanganyiko mmoja wa kijani ambao aliyeuleta mwenyewe alisahau alitia nini. Kilichovishinda vyote kilikuwa cha Bibi Halima: shubiri, mwarobaini na manjano, kilichochemshwa Chovai mpaka kikawa kama lami ya kuzibia boti. Kila alipokuja alikileta katika chupa ya chai, na kila alipokuja alikaa wiki nzima.

Na msidhani mambo haya ni ya watu wa visiwani tu. Ami Bakari, ambaye anafanya kazi bandarini na anapokea elimu yake kwa simu, alivicheka vikombe vyote. "Nyinyi mnampa mama kienyeji," akasema. "Hii hapa ni sayansi." Akatoa kopo la plastiki kutoka Dubai, lenye jani la dhahabu. Ndani mlikuwa na vidonge vya manjano.

"Manjano tunayo jikoni, Bakari," Mama akamwambia.

"Haya yamekamuliwa, shemeji. Yametiwa na pilipili manga, ili yaingie mwilini upesi."

"Na pilipili manga pia tunayo jikoni."

Ami akatuchezea sauti kwenye simu, mtu mwenye koo zito akieleza, na kinanda kikilia nyuma yake, jinsi mimea ishirini inavyoifukuza saratani huku hospitali zikificha siri. Aliposikia neno saratani Bibi Halima akaitikia kwa kichwa. Wawili hao hawajawahi kupatana juu ya jambo lolote jingine, hata juu ya chumvi.

Mimi niliandika. Mbele ya daftari niliandika vidonge vya daktari, kama nilivyoagizwa. Kwa sababu nina tabia ya kuandika kila kitu, daftari nikaligeuza juu chini, nikaanzia nyuma, na huko nikaandika vikombe: siku, saa, kitu, aliyekileta, na uso wa Bibi baada ya kukinywa. Hakuna aliyeniagiza. Upande wa mbele ulikuwa kazi, upande wa nyuma ulikuwa wangu.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na nalisema wazi kwa sababu ndilo mtakalolifanya nyinyi pia.

Mzunguko wa kwanza ulipokwisha, Daktari Hodan alimwuliza Bibi, kwa heshima ya Kisomali ya kumwita bibi, "Ayeeyo, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?" Nikamfasiria Bibi. Bibi akajibu bila kufikiri, "La, mwanangu." Nami nikageuka nikasema, "Maya." Hapana.

Bibi hakusema uongo, na hilo ndilo lililonichanganya akili. Kwake yeye dawa ni kitu kilichoandikwa kwenye karatasi na mtu asiyekujua. Kilichotoka mkononi mwa ndugu yako ni ndugu yako. Ukikihesabu pamoja na dawa umemtukana. Mbele yangu nilimwona Bibi akijibu kwa moyo safi kabisa, na Bibi Halima kando yake ametulia kwa moyo safi kabisa, na daftari mapajani mwangu lenye vikombe thelathini upande wa nyuma. Nikafasiri neno kwa neno. Nilijiambia kwamba mkalimani hana maoni. Ilikuwa rahisi sana kusema hivyo, kwa sababu ilinipa ruhusa ya kunyamaza.

Baada ya mzunguko wa pili majibu ya damu yalitoka mabaya. Ini lilikuwa limechafuka. Daktari akaahirisha vidonge wiki moja, akauliza tena, Bibi akajibu tena, nami "maya" yangu ikatoka imekwisha lainika kwa mazoea. Mzunguko wa tatu ulipokwisha ikawa mbaya zaidi. Safari hii aliahirisha wiki mbili na kupunguza vidonge. Bibi alikuwa akienda choo mara saba, nyayo zake zilikuwa nyekundu kama amekanyaga majivu ya moto, na shiti lake la kujifunga likawa linamzunguka mara mbili.

Nyumbani maelezo yalikuwa tayari. Siku njema zilikuwa za habasoda, siku mbaya zilikuwa za daktari. Bibi akila mikate miwili ya anjera, Bibi Halima alitazama chupa yake ya chai kwa mapenzi. Bibi akitapika, wote waligeuka wakalitazama boksi la vidonge. Ami Bakari alisema ni sumu ikitoka. Nilimwuliza sumu gani. Hapana, sikumwuliza, niliandika kwamba ningemwuliza. Tena kila ini lilipochafuka watu walimhurumia Bibi zaidi, na waliomhurumia zaidi walileta vikombe zaidi. Siku ya kilele viliingia tisa.

Kabla ya mzunguko wa nne tulirudi kwa majibu. Daktari Hodan alizitazama karatasi muda mrefu, na kwa mara ya kwanza alizungumza polepole.

"Zuhura, mwambie Bibi hivi. Ini halijatulia. Nitangoja siku kumi tupime tena. Likiwa hivi hivi, naacha vidonge. Siwezi kuendelea kumpa."

Nikafasiri. Bibi akashika ushungi wake. Bibi Halima akasema kwa Kibajuni, "Alhamdulillahi, na viachwe!" Hilo sikulifasiri.

"Sasa nauliza mara ya mwisho," Daktari akasema. "Kuna kitu chochote anachotumia? Sisemi dawa. Kitu. Hata cha majani, hata cha kunywa."

Nikamfasiria. Bibi akatazama dari. "Maji," akasema.

"Maji na dua," Bibi Halima akaongeza.

Nilifungua mdomo na haikutoka sauti. Si kwamba sikutaka, wallahi. Ulimi ulikuwa kama wa mtu mwingine aliyeniazima ukakwama. Basi nikafanya nilichoweza. Nikalichukua daftari, nikaligeuza juu chini, nikalifungua upande wa nyuma, nikalisukuma juu ya meza mpaka likagusa kalamu ya daktari.

Nilidhani hapo nimemaliza. Ni kosa la mtu anayeamini maandishi kupita kiasi. Daktari Hodan alifungua kurasa mbili, tatu, akaliangalia, kisha akanirudishia.

"Ni Kiswahili," akasema. "Nisomee."

Nikasoma. Kwa Kisomali, kwa sauti, kikombe kimoja kimoja, mbele ya Mama, mgonjwa wetu na mpishi mkuu wa vikombe vyenyewe. Bibi hakufahamu maneno, lakini majina hayana tafsiri. Halima, Halima, mke wa imamu, Bakari, Halima. Kila jina lilipopita niliona bega la Bibi Halima likipanda kidogo. Nilisoma mpaka kikombe cha asubuhi ile ile, ambacho Bibi alikinywa akiwa amekwisha vaa viatu vya kuja hospitali.

Daktari hakugomba. "Sisemi majani hayana kitu," akasema. "Baadhi ya dawa zetu za saratani zilitoka kwenye miti. Wapo wanaochunguza manjano na hiyo habasoda pamoja na vidonge kama hivi, na ndani ya vichupa vya maabara mambo hupendeza. Bibi si kichupa. Ini lake lina mlango mmoja, na nyinyi mmeniletea harusi nzima na ngoma zake."

"Kilichomdhuru ni kipi?" Mama akauliza.

"Sijui. Huenda hakuna. Huenda ni vidonge vyangu vyenyewe. Lakini kwa vikombe tisa hakuna anayeweza kujua, si mimi, si Nairobi. Siku kumi, hakuna kikombe hata kimoja. Na lile kopo la jani la dhahabu pia. Kitunguu thomu ndani ya mchuzi ni mchuzi, ale. Chai ya tangawizi ni chai. Kilichokamuliwa, kilichokaushwa na kilichopikwa kikawa lami, kingoje nje."

Tulipofika nyumbani Bibi aliniambia kwa Kibajuni, bila kuniangalia, "Umenivua nguo mbele ya mchu wa kando." Kisha akakaa siku mbili bila kunijibu mara ngapi ameenda choo, nami nikaandika sufuri, ambayo haikuwa kweli. Nililia jikoni, juu ya vitunguu, ili isihesabiwe.

Siku ya tatu aliniita. Bibi Halima alikuwa sokoni.

"Haya, karani. Daktari wako kasema kisiingie kikombe. Wachu wakija na vikombe vyao utawaambia nini? Wewe ambaye hata salamu unaitoa kwa pua?"

"Sijui, Bibi."

"Na mimi sijui. Mchu kaamka alfajiri kanitwangia. Nimrudishe? Bora nife."

Alisema vile kwa wepesi, kama mtu anayechagua kati ya maji ya moto na ya baridi, nami nikaona kwamba hatanii. Zilibaki siku saba.

Wazo lilinijia kwa sababu ya chai. Mama alileta vikombe viwili, Bibi akanisukumia kimoja kabla ya kugusa chake, kama afanyavyo siku zote, maana kwetu ni aibu kubwa kunywa mbele ya mtu aliyekaa mikono mitupu. Nikamwambia, "Bibi, mbona na wageni unakunywa peke yako?"

"Kwani ni chai?"

"Ni heshima, umesema mwenyewe. Sasa heshima gani hiyo, mgeni akae akikutazama koo kavu? Anywe yeye kwanza. Glasi nzima, kama yako."

Bibi alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kovu la tumboni. "Mgeni kwanza," akasema. "Subhanallah. Huyu kimya kimya hatari."

Kuanzia siku hiyo nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki, karibu na mlango, nina trei na glasi mbili. Mgeni akifunua kikombe chake mimi nilimimina nusu kwa nusu, na Bibi akasema kwa upole wote, "Karibu, tangulia, nitakufuata." Sikuhitaji kusema neno. Kazi bora duniani.

Nimeona mengi kwenye kiti kile. Jirani wa habasoda alikumbuka kwamba amefunga. Mke wa imamu alisema mlonge unampandisha presha. "Na mimi je, unanishusha?" Bibi akamwuliza. Yule wa mchanganyiko wa kijani alinusa glasi yake, akasema ameacha mtoto peke yake, akaondoka, na mtoto wake mdogo kabisa ana ndevu. Ami Bakari alikuja na kopo lake la dhahabu. Nikaweka vidonge viwili kwenye kisahani, kimoja upande wake.

"Mimi si mgonjwa," Ami akasema.

"Si kinakinga?" akasema Bibi. "Nimeisikia ile sauti yako. Kinakinga, kinasafisha, kinatia nguvu za kiume."

"Mama!"

"Meza, mwanangu, nikufuate."

Ami alisema atakimeza nyumbani, baada ya chakula. Kopo lile mpaka leo liko kabatini, na mstari wa vidonge haujashuka.

Nilikuwa nimejivuna, nawaambia kweli. Nilidhani nimewajua watu wote. Mpango wangu ulikuwa na tundu moja: sikufikiri kwamba angekuja mgeni anayekiamini kikombe chake.

Ilikuwa siku ya nane. Bibi Halima alikuwa amekwenda Chovai, akarudi na chupa ya chai imejaa. Alinipita mlangoni bila kunijibu salamu, kama alivyofanya tangu hospitali. Nikamimina. Ilimiminika taratibu. Bibi akasema, "Tangulia, Halima, nitakufuata," na nilisikia sauti yake imepungua.

Bibi Halima hakusita. Akasema bismillahi, akaibeba glasi, akainywa yote, mpaka tone la mwisho, akaigeuza kutuonyesha kitako.

Bibi akanyoosha mkono kuchukua yake.

Mimi nilisimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu. Nilitaka kusema ini, siku mbili zimebaki, Bibi usinywe, na hakuna kilichotoka. Bibi alikuwa amekwisha ibeba glasi hadi kidevuni. Ahadi ni ahadi, na mdogo wake alikuwa ametangulia.

Ndipo Bibi Halima akafunika mdomo wa glasi kwa kiganja.

Uso wake ulikuwa umegeuka. Alimeza mate mara moja, mara mbili. Machozi yalimtoka bila yeye kulia.

"Dada," akasema. "Hii ndiyo uliyokuwa ukiinywa?"

"Ndiyo hiyo."

"Tangu Idi? Kila asubuhi?"

"Na baadhi ya jioni."

"Mimi naipika. Sikuwahi kuionja, naipikia mgonjwa. Uliniambia tamu! Uliniambia inakuteremka kama asali!"

"Umevuka bahari na chupa mkononi, Halima," Bibi akamwambia. "Nikwambieje?"

"Ungeniambia chungu!"

"Haya. Chungu."

Bibi Halima akamnyang'anya glasi, akaimwaga chini ya mpapai, kisha akakimbia, na si kwa hasira. Alienda choo mara sita mpaka adhuhuri. Niliandika, kwa mazoea.

Jioni ile ile alimkuta Bibi amenyoosha miguu. Akakaa chini, akachukua mafuta ya nazi, akaanza kuzipaka zile nyayo nyekundu, kidole kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nimeshauliza hospitali juu ya mafuta ya nazi, wakasema hayana neno. Tangu siku hiyo ndiyo ikawa kazi yake, nayo aliifanya vizuri kuliko sisi sote. Wanaotaka kumheshimu mpishi yeyote wa dawa katika mji huu wamheshimu yeye, maana ndiye peke yake aliyekunywa.

Siku ya kumi damu ilipimwa. Vipimo vya ini vilikuwa vimeshuka, si mpaka chini, lakini vilitosha. Ami Bakari akauliza kwa hamu kilichodhuru kilikuwa kikombe cha nani. Daktari Hodan akasema hatajua kamwe, na sisi hatutajua, na tuuzoee ujinga huo. Vidonge vikaendelea. Mzunguko wa tano ulikuwa mgumu hata bila vikombe, nalisema ili msije mkafanya vidonge kuwa malaika. Wa sita Bibi aliomba mwenyewe kuacha, tukakaa naye mpaka akakubali kuendelea. Wa saba aliuliza mbuzi wanauzwaje. Wa nane ulikwisha juzi Alhamisi.

Daktari hakusema amepona. Alisema, "Tumemaliza. Tutapiga picha baada ya miezi mitatu," nami nimefundishwa kutoandika zaidi ya kilichosemwa. Bibi aliniambia nimwulize jambo moja: kama sasa anaweza kunywa kikombe. Daktari akajibu, "Kimoja, na nikijue kabla yako." Nikafasiri. Daftari nikampa Mama aliweke kwa karani atakayefuata. Kurasa za nyuma zimejaa. Zimebaki za katikati.

Mchana tulipokaa nyumbani kula, mazungumzo yakanigeukia mimi, kama yanavyofanya mgonjwa anapokosekana. Bibi Halima alisema mtoto huyu alisema siku ile moja kwa daktari, tangu hapo karudi kwenye buibui la mamake. Aibu hiyo ni ugonjwa. Yapo majani Chovai yanayofungua ulimi, bibi yake Halima mzaa mama alikuwa akiyachemsha. Mama alikubali. Ami Bakari alisema kuna utafiti.

Jana Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, Bibi Halima aliingia na kikombe kimefunikwa kwa kitambaa. Niliinuka kwenye kiti, nikaleta glasi mbili, nikamimina nusu kwa nusu. Yeye alitangulia, akanywa yote, akanionyesha kitako. Nikanywa yangu, yote.

"Vipi?" akauliza.

"Chungu, Bibi Halima," nikamwambia. "Chungu sana."